Gari Linalobeba Barabara Yake

Mwezi Agosti 1915 reli ya Katanga ilikuwa imefika Fungurume, na hapo ndipo boti mbili za vita za Waingereza zilipoteremshwa kutoka kwenye mabehewa. Ziliitwa Mimi na Toutou, kila moja urefu wa karibu mita 12. Zilikuwa zimesafiri kwa meli kutoka Uingereza hadi Cape Town, kisha kwa treni kupitia Rhodesia na Elisabethville, na zilitakiwa zifike Ziwa Tanganyika kupambana na meli za Wajerumani. Kutoka Fungurume hadi Sankisia, palipokuwa na reli ndogo ya kushukia Bukama kwenye mto Lualaba, kulikuwa na kilomita 230 hivi za pori na milima ya Mitumba. Barabara haikuwepo. Kilichokuwepo ni injini mbili za mvuke zenye magurudumu makubwa ya chuma, ng'ombe wa kukokota, na mamia ya wanaume wenye mashoka na majembe.

Injini zile hazikukosa nguvu za kuvuta. Zilikosa pa kukanyaga. Palipokuwa na udongo laini, gurudumu la chuma lilizama. Palipokuwa na korongo, ilibidi magogo yakatwe na daraja lijengwe, na madaraja ya namna hiyo yalipita mia moja. Maji ya boila yalipoadimika, wanawake wa vijiji vya jirani waliyabeba vichwani kutoka mbali. Safari ilichukua karibu wiki sita, maana yake chini ya kilomita sita kwa siku. Boti ziliingia ziwani mwezi Desemba, na tarehe 26 ya mwezi huo zikaiteka meli ya Kijerumani iitwayo Kingani. Vitabu vimeandika sana juu ya kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson. Majina ya waliofyeka njia ile hayamo, ingawa wao ndio waliofanya kazi yote ambayo magurudumu yalishindwa kuifanya.

Anayesafiri leo kutoka Likasi kwenda Kolwezi anaipita Fungurume, na kama ni wakati wa mvua huenda akaona lori lililozama nje ya lami, watu wamelizunguka, dereva anakanyaga mafuta na tairi zinazunguka bure. Sababu ni ileile ya mwaka 1915. Gurudumu ni nusu tu ya mashine. Nusu ya pili ni barabara. Tunazoea kulisifu gurudumu kana kwamba linajitosheleza, kumbe bila ardhi ngumu chini yake halina faida kubwa, na katika sehemu kubwa ya Afrika ya kati mizigo iliendelea kubebwa na vichwa na mabega ya watu hadi reli na barabara zilipojengwa. Hakuna ujinga wowote katika hilo. Mguu wa binadamu unapita mahali ambapo gurudumu halipiti.

Tupige hesabu. Mtu wa kilo 70 anapotembea, kuna wakati uzito wake wote uko juu ya unyayo mmoja wenye eneo la sentimita za mraba 200 hivi. Kila sentimita ya mraba ya ardhi inabeba theluthi moja ya kilo na kidogo juu yake. Tairi la lori lililojazwa hewa ya baa 8 linaikandamiza ardhi kwa kiasi kinachokaribia hewa yake ya ndani, yaani kilo 8 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Lori linaichoma ardhi mara ishirini na zaidi kuliko mwenye kutembea kando yake. Sasa chukua katapila la mgodini lenye tani nyingi kuliko lori tupu: kwa sababu uzito wake umetandazwa juu ya minyororo miwili mirefu, kila sentimita ya mraba chini yake kwa kawaida inabeba chini ya kilo moja. Ndiyo maana dude lile zito linapita juu ya tope ambalo gari dogo linanasa.

Kuzama ni nusu ya tatizo. Nusu nyingine ni kuteleza, na hapa sayansi ya udongo ina jambo ambalo kila dereva wa jimbo la Haut-Katanga angefaidika kulijua. Udongo unalishika gurudumu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni msuguano baina ya chembe na chembe, na msuguano huongezeka uzito unapoongezeka. Njia ya pili ni mshikamano, ule ugandano wa udongo wa mfinyanzi, na huo haujali uzito hata kidogo: unategemea eneo lililoguswa. Mchanga mkavu una msuguano mwingi na mshikamano karibu sifuri. Udongo wetu mwekundu ukilowa sana ni kinyume chake, maji huingia kati ya chembe na kuuondoa msuguano, ukabaki mshikamano peke yake. Kwa hiyo kuwapandisha vijana kumi nyuma ya gari ili "lishike" kunaweza kusaidia kwenye mchanga. Kwenye tope la Januari kunaongeza kuzama tu. Kinachosaidia hapo ni eneo kubwa zaidi la kugusana na ardhi, na mnyororo umebuniwa kwa ajili hiyo hasa. Ni barabara ambayo gari linajitandikia mbele, linapita juu yake, kisha linaiokota nyuma na kuitandika tena.

Mhandisi wa Kipolandi, Mieczysław Bekker, aliyeanza kazi hiyo kwao kabla ya vita vya pili vya dunia, ndiye aliyeyageuza mambo haya kuwa elimu kamili yenye kanuni na vipimo. Kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1956, na baadaye alishiriki katika kubuni gari ambalo Wamarekani walilipeleka mwezini mwaka 1971. Lakini kazi yake ilianzia kwenye miaka ya kati ya vita viwili vya dunia, wakati majeshi karibu yote yalikuwa yanahangaika na tatizo moja: mnyororo unapita popote, lakini haudumu.

Vifaru vya kwanza viliingia vitani Ufaransa mwaka 1916. Viliweza kuvuka mahandaki, lakini minyororo yao ilikuwa na maungio mengi ya chuma kinachosagana na mchanga, na iliisha baada ya safari fupi mno. Mnyororo mmoja ukikatika, kifaru kizima kinakuwa chuma kilicholala. Mwendo wao ulikuwa wa mtu anayetembea. Na kila kifaru kilipopinda kona, mnyororo wa chuma ulikwangua barabara na kuichana, kwa kuwa gari la minyororo halikati kona kwa kugeuza gurudumu la mbele. Linapunguza mwendo wa upande mmoja huku upande mwingine ukiendelea kusukuma, na minyororo inaburuzika kando. Jeshi lililotaka kwenda kilomita mia mbili lilipaswa kuvipakia vifaru vyake kwenye treni, na treni inakwenda pale tu ilipo reli.

Ndipo likaja wazo la kuwa na gari moja lenye miguu miwili ya aina mbili. Kwenye barabara nzuri litumie magurudumu, likifika porini litumie minyororo. Katika Czechoslovakia, Joseph Vollmer, aliyekuwa amesanifu kifaru cha kwanza cha Wajerumani kilichopigana vitani, alitengeneza katika miaka ya 1920 gari la KH-50: wafanyakazi wake walilipandisha juu ya vipande vya mbao vyenye mteremko, wakaondoa au kufunga magurudumu ya pembeni, kisha wakaendelea. Kampuni ya Vickers huko Uingereza ilijaribu gari lililoshusha magurudumu yake kwa nguvu ya injini hadi minyororo ikaning'inia hewani. Wafaransa wa Saint-Chamond walikuwa na lao. Landsverk ya Sweden ilifika mbali zaidi: gari lake liliinua na kushusha magurudumu bila dereva kutoka nje.

Njia ya Mmarekani J. Walter Christie ilikuwa tofauti, na kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Christie hakuongeza magurudumu ya ziada. Aliyatumia yaleyale makubwa yanayobeba kifaru ndani ya mnyororo, akayavalisha mpira, akatundika kila moja kwenye springi yake ndefu. Ukiufungua mnyororo na kuukunja juu ya ubavu wa gari, unabaki na gari la magurudumu manane. Mwaka 1928 gari lake lilionyeshwa likikimbia karibu kilomita 68 kwa saa kwenye minyororo na zaidi ya 110 kwenye magurudumu, mwendo ambao hata motokaa nyingi za siku hizo hazikuufikia. Jeshi la nchi yake lilisitasita. Urusi ya Kisovieti haikusita: ilinunua magari mawili bila minara ya bunduki, yakasafirishwa yakiandikwa kuwa ni matrekta ya kilimo, na kuanzia mwaka 1932 kiwanda cha treni cha Kharkov kikawa kinatoa vifaru vya aina ya BT kwa maelfu. Wafanyakazi wa BT waliweza kuibadili ikawa ya magurudumu kwa nusu saa hivi.

Tuangalie vifaru hivyo vilikwama wapi, maana hapo pana somo la fizikia ambalo halihitaji kifaru ili ulione. BT ilipokuwa kwenye magurudumu, injini ilizungusha magurudumu mawili tu, yale ya nyuma kabisa. Yale mawili ya mbele yalikata kona, mengine yalibeba uzito bila kusukuma. Gurudumu linaweza kusukuma kulingana na uzito ulio juu yake lenyewe. Gari likiwa na magurudumu manane na mawili tu ndiyo yanayosukuma, basi takriban robo tu ya uzito wote ndiyo inayoleta mshiko. Robo tatu ni mzigo wa kukokotwa. Kwenye lami hiyo inatosha. Kwenye mchanga au tope, gari la tani 11 hadi 14 linalosukumwa na robo ya magurudumu yake linakwama upesi. Kwa hiyo magurudumu yale yalifaa barabara nzuri peke yake, na barabara nzuri ndiyo iliyokuwa adimu. Sababu hiyohiyo ndiyo inayoyafanya malori mengi ya migodini na magari ya porini yawe na ekseli zaidi ya moja zinazosukuma.

Wakati huohuo, wanaolijua chuma walikuwa wanalitatua tatizo upande wa pili. Mwaka 1882 Robert Hadfield wa Sheffield alikuwa amegundua kwamba ukichanganya chuma cha pua na manganizi kiasi cha asilimia 12 hivi, unapata kitu cha ajabu: kadiri kinavyogongwa ndivyo uso wake unavyozidi kuwa mgumu, huku ndani kikibaki kinavumilia bila kupasuka. Chuma hicho kikaingia kwenye minyororo ya vifaru, maungio yakasanifiwa upya, na kufikia miaka ya 1930 minyororo ya magari mepesi ya Vickers Carden-Loyd ilikuwa inadumu kwa kilomita elfu kadhaa. Mnyororo ulipodumu hivyo, kwa nini ubebe tena magurudumu, giaboksi na usukani wa ziada?

Watu wa Likasi wanakijua chuma cha Hadfield hata kama hawajawahi kulisikia jina lake. Taya za mashine zinazovunja mawe ya shaba na kobalti, zile zinazopigwa na mwamba mchana na usiku, hutengenezwa kwa chuma cha jamii hiyo. Mwamba unaligonga taya, na taya linazidi kukomaa. Na manganizi yenyewe si ya kutafutwa ng'ambo. Kisenge, upande wa magharibi wa jimbo la Lualaba, ilichimbwa kwa ajili yake.

Hukumu ya mwisho ilitolewa Kharkov. Mhandisi Mikhail Koshkin alisanifu magari mawili ya majaribio. A-20 ilikuwa na uwezo wa kubadili, A-32 ilikuwa na minyororo tu. Yalipojaribiwa mwaka 1939 hayakutofautiana sana kwa mwendo, lakini A-32 ilikuwa imeokoa uzito wa mitambo ya kuyazungusha magurudumu, na uzito huo ungeweza kutumika kuongeza unene wa chuma cha kuwalinda waliomo ndani. Kutokana na A-32 ikazaliwa T-34, kifaru kilichopigana vita vyote vya Warusi dhidi ya Hitler. Koshkin hakuyaona hayo. Alifariki Septemba 1940. Springi za Christie zilibaki ndani ya T-34. Magurudumu ya barabarani hayakubaki.

Wafaransa walikuwa na jibu la tatu, na hili lilifika kwetu. Adolphe Kégresse, fundi aliyekuwa akitunza magari ya mfalme wa Urusi, alibuni mkanda wa mpira wa kufungwa nyuma ya gari la kawaida ili lipite kwenye theluji. Mbele magurudumu, nyuma mkanda. Hakuna kubadilisha chochote. André Citroën aliuchukua ubunifu huo na magari manane ya namna hiyo yakaondoka Colomb-Béchar, Algeria, tarehe 28 Oktoba 1924, yakaongozwa na Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Yalivuka Sahara, yakaingia Kongo ya Kibelgiji, yakafika Kampala, na hapo yakagawanyika makundi manne: moja likaelekea Mombasa, moja Dar es Salaam, moja Cape Town, na la Haardt likapitia Msumbiji hadi Madagaska. Safari hiyo ilitangazwa kote Ulaya kama ushindi wa mashine. Sehemu kubwa ya ushindi huo ilikuwa ni njia zilizofyekwa misituni na watu wa Kongo kabla magari hayajafika, kama ilivyokuwa Fungurume miaka tisa nyuma yake.

Likasi yenyewe, ilipokuwa ikiitwa Jadotville, iliona kwa macho yake jinsi jeshi la magurudumu linavyotegemea mita chache za njia. Septemba 1961 kikosi cha Waayalandi wa Umoja wa Mataifa, watu 155 hivi chini ya Pat Quinlan, kilizingirwa hapa na jeshi la Katanga iliyojitenga. Misafara ya kukiokoa ilitoka Elisabethville, ikafika kwenye daraja la mto Lufira, ikashindwa kuvuka. Kulishika daraja moja kulitosha. Baada ya siku tano Waayalandi waliishiwa risasi na maji wakajisalimisha, bila hata mmoja wao kuuawa. Mwanzoni mwa Januari 1963 askari wa Kihindi walifika Lufira wakakuta daraja limebomolewa, wakauvuka mto kwa njia nyingine na kuingia mjini tarehe 3. Mnyororo nao usingesaidia pale. Unashinda tope, lakini mto wenye kina unahitaji daraja, uwe na gurudumu au usiwe nalo.

Suluhisho lililobaki hai ni lile tunaloliona kila wiki barabarani. Katapila linalotoka Lubumbashi kwenda mgodini halitembei kilomita zile kwa minyororo yake. Linapanda juu ya trela refu la chini lenye tairi nyingi, linasafirishwa kama mzigo, na linashuka kwenye udongo pale kazi inapoanza. Majeshi nayo yalifikia hapohapo: gari la magurudumu linabeba gari la minyororo, na kila moja linakanyaga ardhi inayolifaa. Kilichowashinda kina Vollmer ndani ya gari moja kiliwezekana kwa magari mawili.

Lakini mpango huo una deni, na deni hilo linalipwa na lami. Kati ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, wahandisi wa Marekani walijenga vipande vya barabara vya majaribio na kuyaacha malori ya jeshi yapite juu yake mchana na usiku kwa muda wa miaka miwili. Waligundua kwamba uharibifu hauongezeki sawasawa na uzito wa ekseli. Unaongezeka karibu kwa kipeo cha nne. Ekseli iliyoruhusiwa tani 10 ikibebeshwa 12, uharibifu hauzidi kwa moja ya tano, unakuwa maradufu. Ikibebeshwa 13, unakaribia mara tatu. Ekseli ya tani 10 inaiumiza barabara kama mara elfu kumi kuliko ekseli ya motokaa ya tani moja. Kwa hiyo mwenye teksi anayelipa ushuru kwenye barabara ya Likasi haichakazi hata kidogo ukimlinganisha na lori moja la madini lililozidishiwa mzigo. Naliona hili kuwa jambo la haki kabla halijawa la uhandisi: mizani ya barabarani ingepima kila ekseli peke yake, siyo jumla ya lori tu, maana lori lenye jumla halali linaweza kuwa limelundika mzigo wake juu ya ekseli mbili za nyuma.

Na kwa dereva aliyenasa mvua inanyesha, fizikia ileile ina maagizo mafupi. Acha kukanyaga mafuta mara tairi zinapozunguka bila kusogea, kwa sababu kila mzunguko unachimba shimo na kuulainisha udongo zaidi. Toa tope mbele ya tairi kwa sepetu. Weka matawi, mawe au changarawe chini ya tairi zinazosukuma. Mawe na changarawe vinarudisha msuguano ambao maji yameuondoa, na matawi yanaongeza eneo. Punguza hewa ya tairi hizo, kwa sababu tairi laini linalala chini kwa urefu zaidi na kuikandamiza kila sentimita kwa nguvu pungufu. Ondoka kwa gia ya pili, polepole. Ukishafika mahali pagumu, jaza hewa tena kabla ya kuingia kwenye lami na kuongeza mwendo: tairi lenye hewa kidogo hujikunja katika kila mzunguko, linapata joto ndani ya kuta zake, na joto hilo ndilo linalolipasua.